Mwami Msiri: mwenye shaba, mwenye bunduki, asiye na baruti



Mwezi uliopita tulikuwa na mkutano wa sendika hapa Kadutu. Mambo ya kusema yalikuwa machache: mchango wa wagonjwa, bei ya mchanga kwa négociant, na usalama kwenye machimbo. Kwa usalama njo tulikwama. Kijana mmoja, mchapakazi ambaye sote tunamheshimu, alisimama akasema tumechoka kulipa kwenye vizuizi, tumechoka kukimbia usiku na kuacha mifuko shimoni. Akapendekeza kila shimo litoe kitu kidogo kila wiki, ili tununue bunduki zetu wenyewe. Nusu ya watu wakapiga makofi. Nusu ingine wakatazama chini. Mzee mmoja aliyechimba tangu wakati wa SOMINKI akaniomba, kabla ya kura yoyote, niandike kwanza habari ya Mwami Msiri. Basi naandika.

Najua Msiri si mtu wa Kivu. Fasi yake ilikuwa Katanga, na amekufa tangu zaidi ya miaka 130. Lakini hapa Kongo sijui maisha mengine yanayoonyesha wazi hivi ginsi madini, bunduki na ulinzi vinavyofungwa kwa kamba moja. Yeye alifanya lile tunalotaka kufanya sisi: alichukua madini ya nchi akanunua nayo bunduki, ili asiguswe na mtu. Tuone ilimfikisha wapi.

Mtoto wa mfanyabiashara

Msiri alizaliwa karibu mwaka 1830, upande wa magharibi wa Unyamwezi, nchi ya Tabora, ambayo leo iko Tanzania. Jina lake la kwanza lilikuwa Ngelengwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa safari ndefu. Alivuka mpaka Katanga kutafuta shaba, akafanya urafiki na wakubwa wa kule, akarudi kwao na mizigo. Mtoto akakulia katika habari za njia, za bei, na za ile nchi ya mbali ambako jiwe la kijani linageuka chuma chekundu.

Karibu mwaka 1856, Ngelengwa naye akaenda Katanga na kikundi cha wenzake. Walikuwa wawindaji wa tembo na wafanyabiashara, na watu wakawaita Bayeke. Hawakuwa wengi. Wenyeji wa fasi ile, Wasanga, walikuwa na wakubwa wao. Upande wa mashariki Mwata Kazembe wa Luapula alipokea ushuru, na upande wa kaskazini Waluba walikuja mara kwa mara kupora.

Wageni hawa wachache walikuwa na kitu kimoja ambacho wenyeji hawakuwa nacho: bunduki. Zilikuwa gobori, zile za kushindilia baruti na risasi kwa mdomo. Ni nzito, zinachelewa, na mvua ikinyesha zinanyamaza. Lakini kwa mtu aliyejua tu upinde na mkuki, mshindo wake ulitosha.

Wazee wa Bayeke wanasimulia kwamba Ngelengwa alikuwa kwa mkubwa mmoja wa Wasanga aitwaye Mpande wakati Waluba walipokuja kushambulia. Wenyeji wakajitayarisha kukimbia kama desturi. Bayeke wakapiga bunduki zao, Waluba wakatawanyika. Mpande, mzee aliyezoea kuona mavuno yakiporwa, akaona mkombozi amefika.

Hapa tusimame kidogo, juu kijana wetu wa Kadutu asidhani ninamcheka. Bunduki ya Msiri, mwanzoni, ilisaidia kweli. Watu waliokuwa wanakimbia kila mwaka walilala nyumbani. Hakuna mtu mwenye akili anayesema nchi iishi bila kujilinda. Mwizi hasomi makaratasi ya haki zako. Anatazama tu kama mlango umefungwa. Wasanga walikuwa na shida ya kweli, na jibu walilopewa lilikuwa jibu la kweli. Matata yalianza kiisha.

Mwami wa Garanganze

Mkombozi hakurudi kwao. Ngelengwa alikaa, akaoa katika jamaa za wakubwa, akaingia katika magomvi ya waliogombea viti, kila mara akisimama upande mmoja na bunduki zake, na kila mara akibaki na kipande cha nchi. Kufika miaka ya 1860 aliacha kumtii Mwata Kazembe, akajitangaza mwenyewe Mwami. Ndiyo, Mwami, neno lilelile tunalotumia hapa Bushi. Akajulikana kwa jina la Msiri, ambalo wengi wanalielewa kuwa ni udongo, yaani ardhi yenyewe. Nchi yake iliitwa Garanganze. Ilifika Luapula upande wa mashariki na Lualaba upande wa magharibi.

Mji wake mkubwa ulikuwa Bunkeya, katika tambarare karibu na mto Lufira. Walioufikia miaka ya 1880 waliona mji mkubwa kuliko miji mingi ya ndani ya Afrika ya wakati ule, na vijiji vimeuzunguka pande zote. Msiri alikuwa na wake mamia. Wengi walitoka kwa wakubwa aliowashinda au aliofanya nao mapatano, na wengine aliwatuma kutawala vijiji kwa jina lake. Mmoja wao, Maria de Fonseca, alikuwa na damu ya Wareno wa Angola. Kupitia jamaa yake Msiri alipata mlango wa biashara ya bahari ya magharibi. Kwa Msiri hata ndoa ilikuwa njia ya kufikia bunduki.

Nani alichimba

Hapa njo kazi yetu inaingia. Utajiri wa Msiri ulikuwa shaba, pembe za ndovu, chumvi na watu. Nianze na shaba.

Machimbo yalikuwapo zamani kabla hajafika: Kalukuluku, karibu na Lubumbashi ya leo, ambako Wabelgiji walikuja kuita Étoile, Luishia, Kambove, na mengine. Kazi ilifanywa kiangazi, baada ya kuvuna mtama, wakati maji yamepungua mashimoni. Wanaume walishuka na vyuma vifupi kuvunja mwamba. Wanawake na watoto waliokota jiwe la kijani, wakalipondaponda, wakaliosha mtoni. Mama twangaise wa Kamituga angefika pale asingeuliza kitu. Angekaa tu na kuanza kazi.

Kiisha walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakajaza makaa, wakapuliza kwa mivukuto ya ngozi. Shaba ikayeyuka, ikamwagwa katika mifereji mchangani yenye sura ya msalaba. Misalaba ile ilitumika kama pesa katika nchi nyingi. Mafundi wa tanuru walikuwa na chama chao, na siri zao, na miiko yao. Watu waliwaita wala shaba. Bayeke nao wakaleta ufundi wa kuvuta shaba iwe waya mwembamba wa kutengeneza bangili. Na tena, kitu cha maana kwa habari yetu: shaba ile ilitumika pia kutengeneza masasi ya bunduki.

Basi fikirini. Msiri alikuwa na chuma cha risasi chini ya miguu yake, hakuna wa kumfungia. Bunduki kuukuu aliweza kuzitengenezesha kwa wahunzi wake. Lakini baruti hawakujua kuipika. Kila chembe ya baruti ilitoka ng'ambo. Ilikuja kwa njia mbili: magharibi kutoka Benguela, juu ya mabega ya wapagazi wa Bihe, mashariki kutoka Zanzibar kupitia Tabora, kwa wafanyabiashara Waswahili na Waarabu. Njia zote mbili ni miezi ya kutembea. Na mwenye baruti njo alikuwa anapanga bei.

Bei ile nayo ilipanda. Pembe za ndovu zilipungua kadiri tembo walivyouawa. Shaba ni nzito kubeba. Kilichobaki ni mzigo unaojitembeza wenyewe, yaani mtumwa. Msiri alituma watu wake kushambulia vijiji vya jirani, wakaleta wanaume, wanawake na watoto wamefungwa shingoni, wakabadilishwa kwa bunduki, baruti na nguo. Bunduki zile zikaenda kushambulia vijiji vingine, ili kupata watu wengine, wa kununua baruti ingine.

Hii njo duara ambalo naomba kila mmoja wetu aliangalie sana. Bunduki ya kwanza ililinda kijiji. Bunduki ya mia ilihitaji kijiji kiuzwe ili ipate baruti. Silaha ina tumbo. Haili siku ya vita tu, inakula kila siku, na mwenye kuilisha ni yule asiyeishika: mchimbaji, mama, mtoto. Ushuru ukazidi, adhabu zikazidi. Wageni waliofika Bunkeya walikuta vichwa vya watu juu ya miti kuzunguka boma la Mwami. Yule aliyekuja kuwaondolea Wasanga waporaji alikuwa sasa mporaji mkubwa kuliko wote.

Wageni wa Ulaya

Mwanzoni mwa 1885, kule Berlin, wakubwa wa Ulaya walimaliza mkutano wa kupanga mambo ya Afrika. Hakuna aliyemwuliza Msiri. Mfalme Leopold wa Ubelgiji akachora mipaka ya Dola Huru la Kongo na kutia Katanga ndani, hata kama hapakuwa na mtu wake mmoja aliyefika. Waingereza, na nyuma yao tajiri Cecil Rhodes, nao waliitamani shaba ile kutoka kusini.

Mgeni wa kwanza kukaa Bunkeya alikuwa mmisionari kutoka Scotland, Frederick Stanley Arnot, aliyefika Februari 1886. Wenzake wakamfuata. Msiri aliwapokea vizuri. Alitaka wageni, alitaka habari, na alitumaini watamfungulia njia ya biashara. Arnot akamwonya kwamba asitie alama kwenye karatasi yoyote bila kusomewa vizuri.

Novemba 1890 akafika Alfred Sharpe kwa upande wa Waingereza, na karatasi mkononi. Karatasi ikasomwa. Msiri akaelewa kwamba inampokonya nchi, akakasirika, Sharpe akaondoka mikono mitupu. Hakuwa mjinga huyu mzee. Alijua thamani ya kile alichokalia. Wangapi kati yetu wametia kidole kwenye karatasi ya comptoir bila kusomewa?

Lakini mambo mawili yalikuwa yanakwenda upande wa pili. La kwanza, Julai 1890, kule Brussels, mataifa ya Ulaya yalisaini mkataba wa kupinga biashara ya watumwa. Jambo jema. Ndani ya mkataba uleule waliweka pia vizuizi vya kuingiza bunduki na baruti katika sehemu kubwa ya Afrika. Wao wenyewe na majeshi yao hawakujifungia. Yaani wenye duka la baruti walipatana kufunga mlango, na ufunguo ukabaki mfukoni mwao.

La pili lilitoka ndani. Wasanga, wenye nchi, walichoka. Mwaka 1891 waliasi. Hawakuwa na nguvu ya kuvunja Bunkeya, basi wakakata njia. Misafara ikaogopa kupita. Baruti haikufika. Watu wakaanza kuhama, mashamba yakaachwa, njaa ikaingia. Mwami aliyekuwa na gobori nyingi kuliko mtu yeyote katika nchi zile alianza kuhesabu baruti kwa kijiko.

Siku za mwisho

Mwaka uleule wa 1891, misafara ya Leopold ikafika mmoja baada ya mwingine. Aprili alikuja Paul Le Marinel kutoka Lusambo. Akaacha kituo kidogo upande wa Lufira akaondoka. Oktoba alikuja Alexandre Delcommune. Wote walitaka Msiri akubali bendera ya Dola. Akakataa. Alipoona wanazidi, alimwandikisha mmisionari barua ya kumwita Sharpe arudi, maana kati ya fisi wawili mtu anatafuta yule aliye mbali. Barua haikufika. Njiani iliangukia mikononi mwa msafara wa tatu.

Msafara wa tatu uliongozwa na William Stairs, mzaliwa wa Halifax huko Kanada, askari wa Waingereza aliyeajiriwa kwa kazi ya Leopold. Alitoka pwani ya Bagamoyo na watu zaidi ya 300, akapita Tabora, nchi ya baba zake Msiri, akavuka ziwa Tanganyika. Wazungu katika msafara walikuwa wachache, hawazidi vidole vya mkono mmoja. Wengine karibu wote, wabebaji na askari, walikuwa watu wa Zanzibar na pwani, wanaosema Kiswahili kama sisi. Walikuwa na bunduki mpya za kupakia nyuma, ambazo zinapiga mara nyingi wakati gobori inashindiliwa mara moja.

Stairs alifika Bunkeya tarehe 14 Desemba 1891. Mazungumzo yakachukua siku chache. Msiri alikuwa mzee wa miaka 60 hivi, amezungukwa na waasi. Kitu kikubwa alichotaka kwa wageni kilikuwa baruti. Tazameni fasi alipofika: anaomba baruti kwa mtu aliyekuja kumnyang'anya nchi.

Tarehe 19, Stairs akapandisha bendera kilimani bila ruhusa ya mwenye nchi. Usiku ule Msiri akatoka, akaenda Munema, kijiji chenye boma nje kidogo ya mji. Asubuhi ya tarehe 20 Stairs akamtuma Kapiteni Omer Bodson, Mbelgiji, pamoja na askari mia hivi, wamkamate. Bodson akaingia bomani na watu wachache tu. Maneno yakawa makali. Msiri akashika upanga, na inasemwa ulikuwa zawadi ya msafara uleule. Bodson akampiga kwa bastola, Mwami akaanguka. Masuka, mtoto wa Msiri, akampiga Bodson kwa bunduki. Naye Masuka akauawa palepale. Bodson akafa kwa jeraha lile. Bayeke wanasimulia kwamba kichwa cha Mwami kilikatwa na kuchukuliwa, na mpaka leo ukoo unauliza kiko wapi.

Ufalme wa miaka zaidi ya 20 uliisha asubuhi moja. Si kwamba Bayeke walikosa uhodari. Lakini vile vijiji vilivyouzwa kununua baruti havikutuma hata mtu mmoja kumwokoa. Wasanga walifurahi. Wengine walikuja kuwasalimu wageni kama vile babu zao walivyomsalimu Ngelengwa siku ile alipowafukuza Waluba.

Na bunduki ikageuka tena

Habari haiishii Munema. Mtoto mwingine wa Msiri, Mukanda Bantu, aliwekwa kuwa Mwami wa nchi ndogo sana, chini ya bendera ya Dola. Wasanga walipogundua kwamba bwana mpya naye anataka ushuru na wabebaji, walikataa. Dola likatumia askari wake, pamoja na Bayeke wa Mukanda Bantu, kuwafuata mpaka kwenye mapango. Mkombozi wa pili akafanya kama wa kwanza.

Wapimaji wa mawe wakaja mara moja. Mwaka 1892 Jules Cornet alizunguka Katanga akashangaa utajiri uliomo ardhini. Mwaka 1906 ikaundwa Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza, kutoka Kalukuluku, mashimo yaleyale ya babu zetu wala shaba. Faida ikaenda Ubelgiji.

Na miaka 50 baada ya kifo cha Msiri, siku 11 tu pungufu, bunduki ilisema tena juu ya shaba. Tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kwa ajili ya mshahara walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Askari wakafyatua. Makumi ya watu walikufa, pamoja na Léonard Mpoyi, karani aliyewasemea wenzake. Sisi wa sendika hatuisahau tarehe hiyo. Bunduki zile zilinunuliwa kwa faida ya shaba waliyoichimba wao wenyewe.

Tufanye nini basi

Kuna ndugu watakaosema: basi wewe unataka tukae mikono mitupu, tusali tu. Hapana. Kukaa wazi nako kuna gharama. Chukueni mfano wa Uholanzi, nchi ndogo ya wafanyabiashara, jirani ya Ubelgiji. Ilibaki nje ya vita ya 1914 mpaka 1918, ikaamini itaachwa tena. Jeshi lake lilikuwa dhaifu na silaha nyingi za zamani. Wajerumani waliingia tarehe 10 Mei 1940. Tarehe 14 ndege ziliteketeza mji wa Rotterdam. Siku tano zikatosha nchi kusalimu amri, na ikakaa chini ya adui miaka mitano. Ubelgiji yenyewe, ambayo mfalme wake alituma watu waliompiga Msiri, ilidumu siku 18. Baada ya vita Waholanzi wakabadilisha mawazo. Mwaka 1949 waliingia katika muungano wa NATO, wakalipa kodi kwa ajili ya jeshi. Lakini raia wa kawaida kule hawatembei na bunduki, wala kila karakana haina jeshi lake. Silaha ziko chini ya serikali, serikali iko chini ya bunge, na bunge linachaguliwa na wale wanaolipa.

Sisi bado hatuna hiyo, najua. Tunalipa bila kulindwa. Babu zetu wa Bushi, chini ya Mwami Kabare, walipigana na Wabelgiji miaka mingi kwa kile walichokuwa nacho, na hakuna anayewacheka leo. Haki ya kujilinda haina mjadala. Mjadala ni juu ya yule anayesema yeye njo mlinzi.

Kwa hiyo, kijana wetu, na wote waliopiga makofi, kabla ya kura nawaletea maswali mawili kutoka kaburi la Msiri. Masasi yakiisha, nani atatuuzia mengine, na siku ile ataomba nini? Na bunduki ikishapata njaa, nani atailisha? Mimi naona jibu. Ataanza na kitu kidogo kila wiki kwa kila shimo, kama ulivyosema. Kiisha wiki mbaya itafika, mchanga hauna kitu, na mwenye bunduki hatasema basi wiki hii nisile. Atakuja kwa mama twangaise. Atakuja kwa kijana mwenyewe aliyepiga makofi. Nimeona hili kwa macho yangu kwenye machimbo zaidi ya moja. Walioanza kama walinzi wetu leo wana kizuizi chao barabarani, na baadhi tuliwasomesha kwa michango yetu.

Pendekezo langu ni gumu na linachelewa. Orodha ya kila kizuizi tunacholipa, kwa tarehe na kwa kiasi, iliyoshikwa na kila komite. Mashimo yote kusimama siku moja pakitokea mchimbaji kupigwa, juu mwenye bunduki anaishi kwa kazi yetu, na kazi ikisimama naye anahesabu siku zake. Wasanga waliokata njia walimdhoofisha Msiri kuliko jeshi lolote lililokuja kumpiga. Na kudai, kila uchaguzi na kila mkutano, jeshi la nchi linalolipwa vizuri na kujibu mbele ya raia. Wasanga walikosea jambo moja: walipomaliza kumdhoofisha bwana wa zamani walimpokea bwana mpya bila kumwuliza chochote. Sisi tuulize.

Bunkeya bado iko, na Mwami wa Bayeke bado anakaa pale. Kila mwaka mwezi wa Desemba wanamkumbuka Msiri, na wana haki, maana alikataa kusaini kuuza nchi na akafa amesimama. Na mimi namheshimu kwa hilo. Lakini namkumbuka pia yule mama asiye na jina aliyeosha jiwe la kijani mtoni kiangazi kizima, akaona msalaba wa shaba ukiondoka kwenda kununua baruti, na baruti ikarudi kijijini kwake usiku.

Mkutano wa kura ni Jumamosi ijayo, saa nane, fasi ileile Kadutu. Tuje wote, na mama waje.